Ni Ile Namba

Tang, tang, tang. Kijiko kiligonga kikombe cha bati, kikapumzika, kikagonga tena. Nje kulikuwa bado giza, hata jogoo wa jirani alikuwa hajaanza fujo zake, lakini Bibi Elieshi hakuhitaji taa kujua anayegonga ni nani.

"Aminiel, watu wamelala."

"Bibi hajalala," mtoto akajibu, na kijiko kikaendelea.

Bibi akajikokota, akaketi ukingoni mwa kitanda, akapapasa gizani mpaka akaupata mkono wenye kijiko. Wa kushoto, kama kawaida. Akakitoa taratibu, akakihamishia mkono wa kulia, akavikunja vile vidole vidogo juu yake kimoja kimoja. "Huu ndio mkono wa kulia chakula. Huu ndio wa kupokelea. Ule mwingine una kazi zake." Kelele zikakoma papo hapo. Bibi akashukuru kwamba mtoto amesikia, akaenda kuwasha moto.

Siku hiyo walikuwa wanateremka mjini, hospitali, na safari ilikuwa imeshamchosha kabla hajavaa viatu. Aminiel alizaliwa njiti wa miezi saba, mkubwa kama nusu mkate. Aliwekwa kwenye chupa, lile sanduku la kuwatunzia njiti joto, na kwenye paji la uso wakambandika kitu kama plasta chenye taa nyekundu, waya wake ukaenda kwenye mashine. Ilikuwa mashine mpya, imeletwa na madaktari waliokuwa wakifanya utafiti. Muuguzi aitwaye Nasieku ndiye aliyewaeleza: taa ile inachungulia ndani ya kichwa bila kuumiza, inasoma kama oksijeni inafika vya kutosha kwenye ubongo. Ikipungua, ubongo unaweza kudhurika. Mtoto akipewa nyingi kupita kiasi nako kuna madhara, hasa kwa macho. Namba inaonekana pale kwenye kioo, wauguzi wanapunguza au wanaongeza kwa kuitazama. Nasieku alikuwa na roho nzuri. Kabla ya kumgusa mtoto alisugua kwanza viganja vyake vipate joto, na hakuna mtu aliyemwagiza.

Taabu ilikuwa ile namba. Watu waliokaa kando ya chupa waliacha kumtazama mtoto, wakawa wanatazama kioo. Mchana mmoja Aminiel alisahau kupumua, kama njiti wanavyosahau, namba ikaporomoka na mashine ikalia. Nasieku akaja, akamgusagusa unyayo kwa kidole, akaongeza hewa kidogo, mtoto akakumbuka kupumua na namba ikapanda. Yote yaliisha kabla Bibi hajamaliza sala aliyoianza. Lakini mkwe wake Irine, mama wa mtoto, alikuwa ameiona namba ilipofika chini, na tangu siku hiyo hakuwahi kuiona ikipanda.

Mtoto alipochelewa kukaa, Irine alisema ni ile namba. Alipochelewa kuota meno, ni ile namba. Alipomtupia kuku kiatu, Irine alishika kichwa kwa mikono miwili akasema ni ile namba. Bibi alikuwa amechoka. Abdiel, baba wa mtoto, alitupa viatu vya ukoo mzima utotoni mwake, na leo ana duka la vipuri Daraja Mbili, mjini Arusha, na hakuna aliyewahi kukitilia shaka kichwa chake.

Mtoto mwenyewe aliletwa mlimani alipoanza kula uji, kwa sababu baba alikuwa dukani mchana kutwa na mama alikuwa katika ofisi ya kampuni ya watalii, moja ya zile zilizoota mjini kama uyoga miaka hiyo. Bibi alimbeba kifuani wakati wa baridi ya Julai, akamkuza kwa maziwa na ndizi, akamfundisha kuinamisha kichwa mbele ya wakubwa apate kuguswa, kama watoto wa Kimeru wanavyosalimia. Na sasa hospitali iliwaita watoto wote wa ile mashine, waliotimiza miaka miwili, wapimwe makuzi yao.

Abdiel alifika na gari lake lililotoka Dubai, tope limefika mpaka kwenye vioo. Hakuzima injini. Alikunywa chai amesimama.

"Mama, tusifichane," alisema. "Leo wakisema amechelewa, anabaki mjini. Kuna chekechea imefunguliwa karibu na kwetu Themi. Wanafundisha kwa Kiingereza."

"Ana miaka miwili. Hicho Kiingereza atamsemesha nani, kuku?"

"Ndiyo hapo sasa. Huku anasemeshwa na kuku."

Bibi alifunga kanga yake ya mabegani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Na wakisema hajachelewa?"

"Basi anabaki kwako, na mimi sitalianzisha tena. Irine naye amekubali."

"Amekubali kwa moyo au kwa mdomo?"

"Mama, twende, foleni itatuua."

Irine aliwasubiri kwenye geti la hospitali, amevaa sare ya ofisini, sketi ya bluu na skafu shingoni. "Shikamoo Mama," alisema, na kabla Bibi hajamaliza marahaba yake alikuwa ameshachuchumaa na kitambaa mkononi, anamfuta Bibi tope viatuni. Bibi aliguswa. Mkwe wake hakuwa mtu mbaya, na kama angefunga mdomo hapo, siku ingeanza vizuri. Lakini aliinuka akamtazama mwanawe machoni, akampungia vidole mbele ya uso. "Mama, huwa anakodoa hivi muda mrefu? Bila kupepesa?"

"Anatazama skafu yako, mwanangu. Hata mimi ninaitazama."

Chumba cha kupimia kilikuwa na mkeka, meza fupi na sanduku la vichezeo. Aliyekuwa anapima ni dada mmoja mnene wa sura ya upole aitwaye Paskalina, ametoka Tanga. Aminiel alimwendea moja kwa moja, akainamisha kichwa akasubiri. Yule dada hakuzaliwa na desturi hiyo, lakini alikuwa ameshakaa Arusha. Alimwekea kiganja utosini na kukituliza hapo, si kama mtu anayepita njia. Bibi akampenda.

Upendo huo haukudumu.

"Bibi, nina ombi moja," alisema Paskalina. "Mtoto asisaidiwe. Usimwelekeze, usimjibie, usimtolee ishara. Ni kanuni yetu, watoto wote wapimwe sawa."

"Nitakaa kama kiti," Bibi akasema.

Paskalina alikaa chini, akatoa vipande vya mbao vya rangi, akamnyooshea Aminiel kimoja chekundu. "Haya, baba, chukua. Unijengee nyumba ndefu."

Aminiel alikitazama kile kipande kama anayetazama sukari. Mkono wa kushoto ukaondoka ubavuni, ukafika katikati. Hapo akamgeukia Bibi, akamtazama, akaurudisha, akaficha mikono yote miwili mgongoni.

Bibi alikaribia kutabasamu. Mtoto amekumbuka. Mwezi mzima wa kumfundisha haukupotea bure. Sasa atoe wa kulia apokee, na mambo yaendelee. Akasubiri. Aminiel naye akasubiri. Paskalina akachukua kipande cha njano, akakinyoosha; kisha cha kijani. Mikono ilibaki mgongoni.

Bibi akaunda maneno kwa midomo tu: toa ule mwingine.

"Bibi," Paskalina akasema bila kugeuka.

"Sijasema kitu."

"Midomo imesema."

Kikaja kikombe chenye shanga, azichukue moja moja. Hakuchukua. Ikaja penseli, achore mstari. Hakuishika. Likaja kopo lenye kifuniko. Kila kitu kilinyooshwa kwake kwa ukarimu, na kila kitu mtoto alikikodolea macho kwa hamu, akakiacha. Halafu akaona haya, akanywea, na picha zilipofunguliwa, ng'ombe yuko wapi, mbwa yuko wapi, hakutaka hata kusema, yeye ambaye nyumbani hunena mpaka akiwa usingizini. Paskalina alikuwa anaandika. Kalamu yake haikuwa na haraka wala chuki, na hilo ndilo lililomuudhi Bibi zaidi. Angekuwa mtu mkali, Bibi angeweza kugombana naye.

Nyuma yake akasikia Irine anavuta makamasi. "Ni ile namba," alinong'ona. "Nilijua. Nilijua tu." Abdiel alikuwa anazitazama funguo za gari.

Kiti kikashindwa kubaki kiti.

"Hapana," alisema Bibi Elieshi. "Mwanangu, nisamehe, nimevunja kanuni yako, uniandike na mimi. Lakini mtoto huyu si mjinga, ana adabu. Unampa kitu mkononi, na anajua kupokea kwa kushoto kutoka kwa mkubwa ni utovu wa heshima. Nimemfundisha mwenyewe. Ndiyo maana hapokei. Anasubiri."

Paskalina akaweka kalamu. "Anasubiri nini, Bibi?"

"Anasubiri..." Bibi akaanza.

"Kwa nini asipokee kwa kulia?"

Dada hakumwuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na chumba kizima kikamgeukia Bibi kusubiri jibu.

"Anatumia mashoto," akasema. "Watoto wako hivyo. Ninamrekebisha."

"Ameanza lini mashoto?"

"Tangu aanze kushika vitu."

"Alikuwa ametimiza mwaka?"

"Alikuwa bado."

Paskalina aliinuka, akamwaga vipande vyote katikati ya mkeka, halafu akawapa mgongo akajifanya anatafuta kitu kabatini. "Abdiel, kaka, nisaidie kutazama dirishani. Dada Irine na wewe. Bibi pia. Tumsahau kidogo."

Wakatazama dirishani. Mlima ulikuwa umejifunika, hakuna cha kutazama. Kisha mbao ikagonga mbao. Ikagonga ya pili.

"Hii ya Bibi," sauti ndogo ikasema. "Hii ya kuku. Hii ya Baba, ya gari. Kuku shuka, utaanguka."

Bibi aligeuka kwanza, kanuni au hakuna kanuni. Mnara ulikuwa umefika kwenye kidevu cha mtoto, umejengwa kwa mkono wa kushoto, sawasawa kama wa fundi. Ulipoanza kuyumba, Aminiel aliuleta mkono wa kulia kuuzuia, na Bibi akauona. Ulikuja umekunjika kwenye kiwiko. Ngumi ilikuwa imefumbwa, kidole gumba kimejificha ndani. Haukushika kitu. Uliegemea tu kama ubao wa kuzuia mlango.

Alikuwa ameiona ngumi hiyo kila siku. Ameiosha, ameipaka mafuta, ameibusu. Alidhani ni mkono mvivu, na kila alipouwekea kijiko na kelele zikakoma, alidhani mtoto ametii.

Paskalina aliketi karibu na mtoto akacheza naye muda mrefu, mbuzi yuko wapi, nani anakunywa maziwa, na Aminiel, sasa kwa kuwa hakuna aliyemnyooshea kitu, alijibu yote na kuongeza ambayo hakuulizwa. Halafu dada akaushika mkono wa kulia, akaukunjua polepole, akapima ulivyokaza.

"Kichwa chake kiko vizuri," aliwaambia mwishoni. "Kwa kusema amewapita wengi wa umri wake. Ila mtoto huwa hachagui mkono mapema hivyo. Akichagua kabla ya mwaka, mara nyingi ni kwa sababu ule mwingine una udhaifu. Ile sehemu ya ubongo inayouamrisha mkono huu ilipata tatizo mahali fulani. Daktari wetu, Reginald, atamwona pia, athibitishe."

"Kwa hiyo ni ile namba," alisema Irine.

"Dada yangu, sijui. Wako watoto ambao namba yao ilishuka kuliko yake, na mikono yao ni mizima. Wako ambao haikushuka hata mara moja, na wana shida. Tungekuwa tunajua, tusingewasumbua kuwaita."

Irine aliinama, akaanza kukusanya vipande vya mbao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili Bibi kumwona ameliacha jambo hilo bila kulibishia.

Abdiel akakohoa. Alikuwa mfanyabiashara, alitaka kujua mzigo umefika au haujafika. "Sasa, dada, kwa neno moja. Amechelewa au hajachelewa?"

"Akili yake haijachelewa."

"Na mkono?"

"Mkono unahitaji kazi."

"Hilo si neno moja," alisema Abdiel, lakini akamgeukia mama yake, na uso wake ulikuwa mnyoofu. "Mama, nilikuahidi. Anabaki kwako."

Bibi alijua mwanawe angeweza kubishana, angeweza kusema mkono nao ni kuchelewa. Hakufanya hivyo. Alipaswa kufurahi. Lakini Paskalina alikuwa bado anaeleza: mazoezi ya viungo hapo hospitali mara mbili kwa wiki, na nyumbani kila siku, mtoto apewe michezo inayotaka mikono miwili, mpira mkubwa, kikombe kipana, hindi la kupukuchua. Asikatazwe mkono wa kushoto. "Mkimkataza, Bibi, hatumii wa kulia. Anaacha tu kucheza."

"Kwa miezi mingapi?" Irine akauliza.

"Tunazungumzia miaka. Akianza mapema, atafaidika."

Mara mbili kwa wiki. Bibi aliipitia njia ya kwake mlimani akiwa amekaa pale pale: kile kipande cha baada ya kanisa ambapo gari la Abdiel huteleza kama sabuni, mvua za masika zinazokata daraja la miti, asubuhi ambazo hata wanunuzi wapya wa kahawa na mizani yao hugeuza gari huko chini. Aliitafuta njia nyingine, hakuiona. Ameshinda, na ushindi wenyewe hauna pa kuuweka. Alitamani kumkasirikia mtu, na kila aliyemtazama alikuwa amemfanyia wema asubuhi hiyo.

"Atakaa Themi," alisema.

"Mama, nimesema..."

"Nimekusikia, Abdiel. Mimi nasema atakaa Themi. Si kwa ajili ya Kiingereza. Hiyo chekechea isubiri mpaka mtoto mwenyewe aiulizie. Atakaa kwa ajili ya mkono." Akamgeukia mkwe wake. "Na wewe, hiyo ofisi yako, watalii hawawezi kuja mchana?"

Irine alijifuta macho kwa ncha ya skafu. "Nitaongea na bosi. Aniruhusu siku za mazoezi niingie mchana. Nikiwa kazini, atashinda na baba yake dukani. Asipotaka, ziko kampuni nyingine."

"Ndiyo maneno. Na lile neno namba nisilisikie tena nyumbani kwenu."

"Sitasema."

"Hata kwa kunong'ona."

"Mama, nimesema sitasema."

Mchana ule Themi, sebuleni kwa Abdiel, kazi ilianza na ikaanza vibaya. Irine alileta mpira, Aminiel akaupiga teke. Alileta bakuli, akalivaa kichwani. Alipojaribu kuufungua ule mkono, mtoto akaukumbatia kifuani, akamkazia macho.

"Ananitazama kama mgeni," alisema Irine.

"Wewe ni mgeni. Kaa chini, usimsimamie kama askari. Umevaa viatu ndani kwa nini? Vua."

Irine akavua viatu, akakaa sakafuni na sketi yake ya ofisini. Bibi alijaza maziwa ya uvuguvugu kwenye kikombe kipana cha udongo kisicho na mkono, akakiweka sakafuni mbele ya mjukuu wake, akakaa. Mtoto akakishika kwa kushoto. Bibi akafungua mdomo aseme mkono wa..., akayameza maneno hayo; yalikuwa makubwa kumeza. Kikombe kikayumba, maziwa yakamwagika mpaka kwenye zulia jipya. Aminiel alijaribu tena. Ngumi ya kulia ikaja ikaegemea ubavuni mwa kikombe, kwanza kwa nje tu, kisha, kwa sababu kilikuwa na joto na kilikuwa kizito na alikitaka, kidole gumba kikachomoza, kikalala juu ya udongo. Akanywa. Sekunde chache, halafu kikarudi mafichoni.

"Umeona?" Irine akauliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona. Usimtazame sana, ataona haya."

Wakakaa hivyo wote watatu sakafuni, wawili wanajifanya hawatazami. Irine alijaribu mara nyingine na kikombe kile kile, mtoto akamkatalia. Akajaribu tena, akamkatalia tena, mara hii kwa kumsukumia mguu. Hakusema ni ile namba. Alipumua tu, akajaza maziwa.

Honi ya Abdiel ikalia nje. Mawingu yalikuwa yameshuka na alitaka kumfikisha mama yake kabla mvua haijaifanya njia kuwa mto. Bibi akaaga haraka, kwa sababu angeaga polepole asingeondoka. Alimwekea Aminiel kiganja utosini. Mtoto aliinamisha kichwa vizuri, kisha akarudi kwenye kikombe chake, ana kazi.

Irine alimsindikiza mpaka getini, miguu mitupu kwenye matope, sketi ina mabaka ya maziwa. Alimfungulia mlango wa gari, akaushikilia, hakuufunga.

"Mama, kesho kutwa uje."

"Kesho kutwa? Hata nguo sitakuwa nimezifua."

"Uje nazo tufulie hapa. Abdiel atakufuata mpaka kanisani, ukiteremka mpaka hapo." Akatazama nyuma, ndani, ambako kikombe kilikuwa kimeanguka tena. "Mimi peke yangu hanisikilizi. Uje, Mama, tafadhali."